UZI: Mwaka wa 11 nafuga nyuki kwenye misitu ya miombo ya Sikonge, Tabora. Mzinga unaweza kulinda msitu, na unaweza kuumaliza

Mlembe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Naona humu wengi mnauliza kama nyuki wanalipa, na wengine mnaandika kwamba kijiji kikigawiwa mizinga basi msitu wake umepona. Nimekulia kwenye kambi za asali na kazi hii naifanya kwa mikono yangu mwaka wa 11 sasa. Naomba niandike kwa kirefu. Nitaendeleza kadiri nafasi itakavyopatikana, maana huku mtandao ni wa kuvizia.

Jina langu la humu ni la yule ndege anayempigia mtu kelele na kumtangulia mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa porini. Baba alinifundisha kumfuata nikiwa na miaka saba.

Baba alikuwa mrina asali wa mizinga ya magome. Mvua zikishaanza, gome likiwa linaachia vizuri, alitafuta mti wa mtundu au muba ulionyooka. Anakata duara chini, duara juu, anapasua wima, kisha analibandua gome zima taratibu lisipasuke. Linafungwa tena kama lilivyokuwa mtini, linabanwa kwa vijiti na kamba, ncha mbili zinazibwa, umepata mzinga. Mwepesi, hauna gharama, nyuki wanaupenda.

Ila mti uliobanduliwa hivyo hauponi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia upande wa ndani wa gome. Ukikata mzunguko wote, mizizi inakaa njaa mpaka mti unakauka umesimama. Mzinga wenyewe unaoza baada ya misimu michache, mzee anarudi kutafuta mti mwingine. Alikuwa na mizinga kama 60. Kama kila mmoja unadumu miaka mitatu, ni miti 20 kwa mwaka, mtu mmoja tu. Na miti hiyo ndiyo inayotulisha: mtundu, muba na myombo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mbochi, yaani maji matamu ya maua, wa nyuki wetu huku. Alikuwa anakata ghala ili apate kapu la kubebea nafaka.

Nikiwa kijana, siku moja njiani kuelekea kambini nilianza kuhesabu miti mikavu iliyobanduliwa. Nilipofika 43 nikaacha, roho haikutaka tena.

Halafu kuna kienge. Warina wa zamani hupanda juu na kienge cha nyasi kavu kinachowaka, cheche zinadondoka chini, na msimu mmojawapo wa kurina unaangukia kiangazi, nyasi zote zimekauka. Moto unaoanzia chini ya mti mmoja unaweza kutembea siku tatu. Unaunguza miche, unaunguza maua ya chini, na asali yenyewe inanuka moshi, mnunuzi akionja anashusha bei.

Kwa hiyo wakuu, mtu akisema "ufugaji nyuki unahifadhi misitu", mimi huuliza kwanza: mzinga umetengenezwa na nini, na asali imerinwa kwa moto gani?

---

Mlembe

Naendelea. Sasa upande wa pili, kwa nini pamoja na hayo yote naamini nyuki ndiyo kazi inayofaa msitu kuliko zote ninazozijua.

Nyuki anaweza kwenda kilomita tatu kutafuta chakula. Chora duara la kilomita tatu kutoka kwenye mzinga wako, utapata karibu hekta 2,800. Moja ya manzuki zangu, yaani sehemu ninapoweka mizinga, ina mizinga 40, eneo lake halifiki hata ekari moja, ila kipato changu kimesambaa kwenye hekta zote hizo. Mchoma mkaa akiangusha miti kilomita mbili kutoka kwangu, ameingia kwenye ndoo yangu ya asali. Ndiyo maana mfugaji nyuki hawezi kukaa kimya akisikia shoka. Mkulima anajali mwisho wa shamba lake. Sisi tunalazimika kujali msitu ambao hatuumiliki.

Na tupo humo. Hili watu wa mjini hawalioni. Mlinzi wa msitu anapita kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, akiwa na mafuta. Mfugaji anaingia kukagua kama mizinga imeingia nyuki, anaingia kufyeka barabara ya kuzuia moto kuzunguka manzuki, anaingia kufukuza siafu, anaingia kurina, anakaa kambini wiki mbili. Gari la magogo haliwezi kupita asilijue. Kijijini kwetu taarifa nyingi za uvunaji haramu zinaletwa na warina asali, na sijaona doria inayotushinda.

Nchi hii ina hekta milioni 48.1 za misitu, sehemu kubwa ikiwa miombo kama hii yetu, na kila mwaka zinapotea zaidi ya laki nne. Halafu wataalamu wanasema tunaweza kuzalisha tani 138,000 za asali kwa mwaka na tani 9,200 za nta, wakati tunachovuna kweli ni kama robo ya hiyo asali. Nikiziweka namba hizi mbili pamoja huwa naumia sana. Tunachoma chungu chenye mboga ndani.

---

Bani la Urambo

Mkuu heshima kwako, lakini sema ukweli wote. Mimi ni mkulima wa tumbaku. Nilipewa mizinga 10 na mradi, nikaitundika, miaka miwili imeingia nyuki mitatu. Tumbaku naijua: nikikausha kwenye bani langu (banda la kukaushia kwa moto wa kuni), nikapeleka sokoni, hela inaingia ya mkupuo, nalipa ada. Asali unapata ndoo mbili unauza barabarani. Kuni za bani nakata, ndiyo, lakini watoto watakula maua?

---

Mlembe

Mkuu, nashukuru umesema, na sitakupinga kwa maneno matamu. Mwaka wangu wa kwanza nilitundika mizinga 40 ikaingia 14. Nilirina mizinga 9, nikapata kilo 70 na ushee. Isingelipa ada ya mtoto hata mmoja. Mtu anayekwambia nyuki ni utajiri wa haraka anatafuta kukuuzia mizinga.

Ila hiyo mizinga yako 10 nina maswali nayo. Ilipakwa nta kabla ya kutundikwa? Mzinga mpya hauna harufu ya nyuki. Bila chambo cha nta kwenye vijiti vya juu, kundi linalotafuta nyumba linaupita. Vijiti vina upana gani? Nyuki wetu wanataka milimita 32. Fundi akikosea akakupa vipana, nyuki wanajenga sega moja likishika vijiti viwili au vitatu, ukifungua unabomoa kila kitu na nyuki wanahama. Ilitundikwa mwezi gani? Ukiweka makundi yakishahama umekosa mwaka mzima. Maji yako umbali gani? Mradi mmoja ulileta mizinga kwenye kijiji cha jirani yetu mwezi mbaya, ikapigiwa picha, ikaachwa. Leo ni viota vya mijusi na baadhi ni mabanda ya kuku. Mizinga haikuwa na kosa. Hakuna aliyebaki kufundisha.

Sasa hivi nina mizinga 160, na kwa kawaida kama 110 hivi ina nyuki. Ilinichukua miaka minne kufika mahali pa kusema nimeacha kulima tumbaku. Ndiyo, na mimi nililima tumbaku, na bani langu lilikula miti mingi kuliko mizinga ya baba. Sikushauri uache kesho. Nakushauri uchukue hiyo mizinga 10 uipake nta, uipeleke karibu na maji, uitazame mwaka mmoja kwa macho ya mkulima anayeijua kazi yake. Mbao za mizinga yangu ni za msindano kutoka shamba la miti la Sao Hill, naagiza. Zinanigharimu usafiri, lakini siwezi kuangusha mninga ili nitengeneze mzinga wa kulinda mninga.

---

Dada wa Kisarawe

Samahani kaka Mlembe, sisi kina mama tunaweza? Huku kwetu wanasema kupanda mti usiku kurina asali si kazi ya mwanamke. Na nyuki hawa wakali, tuna watoto.

---

Mlembe

Dada, kwa mizinga ya kutundika juu mtini ni kweli kina mama waliachwa nje, mila na gauni vyote viliwazuia. Mzinga wa sanduku wenye vijiti juu unakaa kwenye chanja au unaning'inia kwa waya usawa wa kiuno. Huhitaji kupanda. Unafungua jioni, bomba la moshi mkononi, mavazi ya kinga mwilini, unatoa kijiti kimoja kimoja, unachukua masega yaliyozibwa, yenye majana (watoto wa nyuki) unayaacha. Hapa kwetu kuna kikundi cha kina mama 12 wana kibanda cha nyuki, na asali yao ni safi kuliko yangu kwa sababu hawana haraka.

Ukali ni kweli, usidharau hata siku moja. Nyuki wetu wana historia: mwaka 1956 mwanasayansi Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia kutoka Afrika Kusini na kutoka hapa Tabora, mwaka uliofuata makundi yakatoroka, na uzao wao umesambaa hadi Marekani. Kule wanaitwa nyuki wauaji. Sisi tumeishi nao siku zote kwa sababu tunajua adabu zao: manzuki mbali na nyumba, shule, njia ya watu na mifugo, mizinga haifunguliwi jua kali, hakuna kujipaka manukato. Mtoto haendi. Mtu anayevimba mwili mzima au kukosa pumzi akiumwa asifanye kazi hii kabisa.

Kisarawe mna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi karibu yenu, na mkaa wa Dar unawatafuna. Mkianza, anzeni na mizinga mitano, si hamsini.

---

Mzee wa Sagalla

Salamu kutoka Taita Taveta, Kenya. Uzi huu umenigusa. Huku kwetu shida ni ndovu wa Tsavo. Mtafiti Lucy King na wenzake walianza uzio wa mizinga: mzinga kila mita kumi kuzunguka shamba, zote zimeunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anageuka. Utafiti wa miaka tisa uliotoka 2024 ulisema mazao yakiwa yamestawi, uzio ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Tunavuna mahindi na asali pia. Lakini ukame wa 2017 ulitumaliza, mizinga ikabaki mitupu muda mrefu. Ninyi ukame mnaufanyaje?

---

Mlembe

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la ndovu ni zuri sana, na huku Sikonge tunao tembo wanaotoka mapori ya jirani, nitalipeleka kwenye kikundi.

Ukame sina dawa yake. Ninachofanya ni kuacha. Msimu mbaya sirini kabisa, au narina sega mbili nawaachia zilizobaki. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanamaliza asali yote, nyuki wanakufa njaa au wanahama, halafu wanasema eneo halina nyuki. Miombo kwa kawaida inatupa misimu miwili, mmoja baada ya mvua kuisha na mwingine mtundu ukishachanua kiangazi, hivyo mmoja ukiharibika unasubiri mwingine. Nchi ya migunga kama yenu sijui kama inawapa hiyo nafasi ya pili. Na maji: naweka mabeseni yenye vijiti vya kuelea, nyuki wasizame.

---

Kijana Mjasiria

Mkuu tuingie kwenye hela. Soko je? Na mbona asali nyingi ya mtaani inaganda, imechakachuliwa?

---

Mlembe

Kuganda si dalili ya kuchakachuliwa. Asali halisi nyingi huganda, inategemea maua na baridi. Ukiiweka kwenye maji ya vuguvugu inarudi. Usichemshe.

Soko. Hapa naandika kwa uchungu. Wafugaji wengi wa huku wanauza kwa ndoo ya lita 20. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ina kilo 28. Nilimuuzia mnunuzi mmoja miaka mitatu akinilipa kila ndoo kama kilo 20. Kilo nane za bure kila ndoo. Kwa ndoo 50 ni kilo 400. Nilikuja kujua nilipopima kwenye mzani wa duka la mpunga. Wakuu, msiuze kwa ndoo. Uzeni kwa kilo, na mzani uwe wa kwenu.

Pili, unyevu. Soko la nje linataka asali isiyozidi asilimia 20 ya maji. Ukirina sega ambalo halijazibwa na nyuki, asali ni mbichi, itachacha. Sisi sega tunalichukua likiwa limezibwa robo tatu na kuendelea. Kikundi chetu kilichanga tukanunua kipima unyevu kimoja, ni kidogo kama tochi, na tangu siku hiyo hatujarudishiwa mzigo.

Tatu, nta. Huku watu wanakamua asali, mashapo yanaloweshwa kutengeneza wanzuki, pombe ya asali, nta inatupwa jalalani. Nta haiozi, inakaa ukingojea bei nzuri, haihitaji chupa wala lebo. Mimi nta ndiyo inayonilipia usafiri wa mbao.

---

Bani la Urambo

Swali la mwisho toka kwangu. Msitu wenyewe ni wa nani? Mimi nikilinda miaka mitano halafu kijiji kikagawa eneo kwa wafugaji ng'ombe au likatangazwa hifadhi, nimepata nini?

---

Mlembe

Umelenga penyewe mkuu, na hili ndilo nililokuwa nataka kufika tangu mwanzo.

Mfugaji analinda msitu ambao ana uhakika atarudi kuurina. Ukimwondolea uhakika huo anakuwa mpita njia kama wengine. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Kigosi na Ugalla yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa, na ndani ya hifadhi ya taifa ufugaji nyuki hauruhusiwi. Kuna wazee walikuwa wakiingia kwa kibali kila msimu, kambi zao zina majina ya babu zao. Waliamka wakiwa wavamizi. Kuhusu Kigosi, baadaye Bunge liliridhia ivuliwe hadhi hiyo, na wafugaji nyuki walitajwa kwenye sababu. Mimi sipingi hifadhi, tembo wanahitaji mahali. Ila mtu aliyekuwa akizima moto bure kwa miaka 30 asiondolewe kama aliyeuwasha.

Kwa kijiji chako njia ipo. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Na. 5 ya 1999. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia. Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka huohuo inaruhusu hata hifadhi ya nyuki ya kijiji. Sisi tulianza na mkutano mkuu wa kijiji, tukaandika mpango wa matumizi ya ardhi, tukapiga mipaka, tukatunga sheria ndogo, zikapita halmashauri. Ilichukua miaka mitatu ya vikao, mara karatasi imepotea, mara mhusika kahamishwa. Vikao vile nilivichukia. Lakini leo mtu akiingia na misumeno nina karatasi mkononi, sina kelele tu. Mizinga 10 bila hiyo karatasi ni mapambo ya mti.

Kwenye sheria ndogo tuliandika mambo matatu ambayo wazee walipigana nayo sana: hakuna gome, hakuna kienge, hakuna kurina msimu wa njaa ya nyuki.

---

Dada wa Kisarawe

Kaka, na baba yako? Alikubali hiyo ya gome?

---

Mlembe

Dada, aliupinga mkutanoni mbele yangu. Alisema mizinga ya magome ndiyo iliyonisomesha, na ni kweli. Nilimwomba radhi hadharani, lakini kura nikaipiga upande wangu. Hatukuongea vizuri karibu mwaka.

Mizinga yake ya zamani sikumng'olea, tulikubaliana ioze yenyewe. Nilimpa mizinga sita ya sanduku nikaipeleka kwenye kambi yake, si yangu, aichagulie mahali mwenyewe. Mwaka wa kwanza hakuigusa. Mwaka wa pili nilikuta ameipaka nta mwenyewe, na ametundika vizuri kuliko mimi, kivulini, milango imepewa mgongo upepo. Anajua upepo wa kila bonde.

Mvua zilizopita tulikuwa tunatembea naye, tukapita penye mtundu mnene, umenyooka, wa kile kipimo alichokuwa akikitafuta zamani. Alisimama, akaupapasa gome, akagonga kwa kisigino cha shoka kusikiliza. Akaniambia huu ungetoa mizinga miwili. Kisha akatazama juu kama umeanza kuweka matumba, tukaendelea kutembea.

Wakuu, kesho alfajiri naingia kambini, huko mtandao hakuna. Wekeni maswali hapahapa, nitayajibu nikitoka na asali, kama wiki mbili hivi.